Kutengeneza meza ya michezo ya kuigiza wahusika: mwongozo kamili kwa wachezaji wa Lubumbashi

Meza ya kawaida ya chakula inatosha kwa karata na kwa kisolo, mchezo wa aina ya bao, lakini mchezo wa kuigiza wahusika, yaani ule ambao kila mchezaji hubeba nafasi ya mhusika katika hadithi inayoendeshwa kwa dadu, unaifanya ionekane finyu mara moja. Ramani na vinyago, yaani sanamu ndogo za wahusika, vinapaswa kubaki mahali pake kutoka wiki hii hadi ijayo, dadu zinaruka hadi chini ya kabati, na vitabu vinagombania nafasi na karatasi za wahusika. Wakati huohuo, katika nyumba nyingi za Lubumbashi hakuna chumba cha kutengea mchezo peke yake, kwa hiyo meza ambayo alasiri ilikuwa pango la joka itatakiwa kubeba bukari (ugali) na mboga saa moja usiku. Meza inayoelezwa hapa ina shimo katikati, ukingo mpana wa kuegemea mikono, na vifuniko vinne vinavyolifunika shimo bila kuugusa mchezo ulio chini yake. Seremala yeyote wa Katuba au wa Kenya, komine (wilaya) za jiji hili, anaweza kuijenga akipewa vipimo sahihi, na mtu mwenye vifaa vya kawaida anaweza kuijenga mwenyewe.

Anza na shimo, si na mbao

Watu wengi huanza kwa kuuliza meza iwe na urefu gani kwa nje, kisha hujikuta na shimo lisilolingana na ramani yoyote. Anza ndani. Ramani nyingi za Dungeons & Dragons, mchezo uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, huchorwa kwa miraba ya inchi 1, na kila mraba huwakilisha futi 5 za ulimwengu wa hadithi. Inchi 1 ni milimita 25.4, na sehemu hiyo ya 0.4 si ya kupuuzwa: anayechora miraba ya milimita 25 kamili atakuwa amepotea kwa milimita 24 afikapo mraba wa 60, yaani karibu mraba mzima.

Kwa msimamizi wa mchezo, yaani anayesimulia hadithi, na wachezaji watano, shimo la miraba 60 kwa 36 linatosha vizuri. Hiyo ni milimita 1524 kwa 914, nasi tutaongeza kidogo ili ramani iingie bila kulazimishwa: milimita 1530 kwa 920. Upana usizidi hapo. Mtu mzima aliyeketi hufikia kitu kilicho kama sentimita 60 mbele yake bila kuinuka, na katika meza hii katikati ya shimo ni sentimita 61 na nusu kutoka ukingo wa nje. Nimeona michoro ya meza yenye shimo la mita moja na robo. Inapendeza kwenye picha, lakini mchezaji hulazimika kusimama kila anapotaka kukisogeza kinyago chake.

Kina cha shimo ndicho kipimo kinachohitaji uamuzi. Vinyago vya kawaida vina kimo cha milimita 28 hadi 32, ila mazimwi na majitu huvipita mara mbili. Milimita 75 kati ya sakafu ya shimo na upande wa chini wa vifuniko zitavihifadhi karibu vyote. Ukiongeza kina, unapunguza nafasi ya magoti, na magoti hayavumilii saa nne za mchezo. Hesabu iko hivi: juu ya ukingo ni milimita 770 kutoka chini, toa unene wa ukingo 20, kina 75, kitambaa 3, plaiwudi ya sakafu 12 na vishikizo vya chini vinavyoibeba 30. Unabaki na milimita 630. Kwa kiti chenye kimo cha sentimita 45, mapaja yamepata sentimita 18, na hilo linatosha.

Kabla ya kununua chochote, chora kwa chaki sakafuni mstatili wa sentimita 184 kwa 123, ambao ndio ukubwa wa nje, uzungushie viti, kisha mkae. Mtaona papo hapo kama mlango bado unafunguka na kama mtu anaweza kupita nyuma ya aliyeketi.

Ukuta mara mbili

Ubora wa meza hii umo katika sehemu ya ukingo, kwa hiyo ichore kwa ukubwa wake halisi kwenye kipande cha katoni na umpe fundi katoni hiyo. Mafundi wengi hawajawahi kuona meza yenye shimo. Ukieleza kwa maneno matupu, utaletewa sanduku lenye miguu.

Ukianzia ndani ya shimo kwenda nje, unakuta kwanza ukuta wa ndani wenye unene wa milimita 25 na kimo cha milimita 120. Halafu kuna mwanya mtupu wa milimita 90. Halafu fremu ya nje, nayo ni ya unene wa 25 na kimo cha 120. Juu ya vyote viwili hulazwa ukingo wenye upana wa milimita 140 na unene wa 20. Ukingo haufiki hadi uso wa ndani wa ukuta: unaacha milimita 15 wazi, na ngazi hiyo ndogo ndiyo itakayobeba vifuniko. Kwa hiyo ukingo unalala juu ya milimita 10 za ukuta wa ndani, unavuka mwanya wa 90, unalala juu ya fremu ya nje yenye 25, na kutokeza nje kwa milimita 15. Jumla ni 140.

Kuta mbili zina faida kuliko ukuta mmoja mnene. Mchezaji huegemea ukingo kwa viwiko usiku kucha, na ukingo ulioshikiliwa upande mmoja tu hulegea mapema. Tena mwanya huo unaficha nyaya za taa, na kwenye kila kona unaacha nafasi ya mraba ya milimita 90 kwa 90, ambayo ndiyo hasa unene wa mguu.

Mbao na misimu miwili

Lubumbashi ina kiangazi kirefu, tangu Mei hadi Oktoba, kisha mvua zinazoendelea hadi Aprili. Ubao hunywa na kutoa unyevu kulingana na hewa: hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 40, ubao hutulia kwenye asilimia 7 au 8 ya unyevu wake, hewa ikifika asilimia 80, ubao hukaribia 16. Ndani ya nyumba tofauti hupungua, lakini haiishi. Ubao hupanuka na kusinyaa kwa upana, na kwa urefu karibu haubadiliki kabisa. Ukingo wa milimita 140 uliotokana na mbao za kawaida unaweza kubadilika kwa zaidi ya milimita moja kati ya Septemba na Februari. Ubao mpana wa mita moja ungebadilika kwa zaidi ya sentimita, na ndiyo maana sakafu ya shimo na vifuniko vitakuwa vya plaiwudi, huku mbao halisi zikitumika katika vipande vyembamba tu.

Kwa ukingo na miguu, mbao bora zaidi ya hapa kwetu ni mulombwa, yaani mninga, *Pterocarpus angolensis* wa misitu ya miombo. Unasifika kwa kutulia: husinyaa kidogo sana kuliko mbao nyingi ngumu, unarandika vizuri, na rangi yake ya kahawia yenye wekundu haihitaji kupakwa kitu kizito. Kata na kuitupa sehemu ya nje iliyo nyeupe, kwa sababu wadudu wa mbao huipenda. Vumbi lake huwasha pua na kubana kifua cha baadhi ya watu, kwa hiyo piga msasa nje, umefunika pua na mdomo. Usiuchanganye na mukula, ndugu yake mwekundu ambao biashara yake imezusha mivutano na marufuku katika miaka ya karibuni. Ukiuziwa, uliza karatasi za halali au uache.

Kwa kuta na vishikizo, visivyoonekana sana, paini ya mashamba ya Zambia inatosha. Mkaratusi ni wa bei nafuu na una nguvu, ila hupinda na kupasuka, na hautakubali skrubu bila kutobolewa kwanza. Mimi nisingeutumia kwenye kitu chochote kinachotakiwa kubaki kimenyooka.

Nunua mbao Julai au Agosti ukiweza. Madriye, yaani mbao nene, zinazouzwa kando ya barabara mara nyingi bado ni mbichi hata kama uso wake ni mkavu. Zipange kivulini juu ya vijiti, kijiti kimoja kila sentimita 40, upepo upite kati yake. Kisha pima kipande kimoja kwenye mizani kila wiki na uandike uzito wake. Siku uzito utakapoacha kushuka, ubao umelingana na hewa ya mahali pale na unaweza kukatwa.

Mahitaji yenyewe ni haya: mbao za milimita 140 kwa 20 zenye jumla ya mita 5.6 kwa ukingo, na uongeze mita moja ya akiba. Mbao za 120 kwa 25 zenye mita 11 kwa kuta zote mbili, nazo uziongezee akiba. Mita 3 za 90 kwa 90 kwa miguu minne. Shevro, yaani boriti ndogo, za kuchana vishikizo vya 30 kwa 30. Plaiwudi moja ya milimita 12 na moja ya milimita 18, zote za kipimo cha kawaida cha sentimita 122 kwa 244. Vipimo hivi vyote ni vya baada ya randa, na fundi lazima aambiwe hivyo waziwazi.

Kuunga fremu

Kata kwanza ukuta wa ndani: vipande viwili vya milimita 1580 na viwili vya 920, ambavyo vitaingia kati ya vile virefu. Unga kona kwa gundi nyeupe ya mbao na skrubu mbili kila kona, ukiwa umetoboa njia ya skrubu mapema. Kabla gundi haijakauka, pima pembe hadi pembe kwa mshazari, pande zote mbili. Vipimo viwili vikilingana, mstatili umenyooka. Visipolingana, sukuma kona ya mshazari mrefu hadi vilingane. Kazi hii ya dakika tano ndiyo inayoamua kama vifuniko vitakaa au vitabana.

Fremu ya nje ina vipande viwili vya 1810 na viwili vya 1150, nayo huungwa kwa namna ileile. Weka fremu zote mbili juu ya sakafu iliyonyooka, moja ndani ya nyingine, na uzitenganishe kwa vipande vya mbao vya milimita 90, kimoja kila sentimita 40 hivi. Kipande cha kwanza kikae angalau sentimita 10 mbali na nafasi ya mguu, la sivyo mkono hautapita kuishika nati.

Miguu ina urefu wa milimita 750. Kila mguu huingia kwenye kona yake na kushikwa kwa boliti nne za milimita 10, mbili kila upande, zinazopenya fremu ya nje na mguu wenyewe hadi kwenye mwanya. Fimbo yenye nyuzi iliyokatwa kwa milimita 140 inafaa kabisa. Upande mmoja toboa milimita 30 na 80 kutoka juu ya fremu, upande wa pili 50 na 100, ili boliti zisigongane ndani ya mguu. Usitie gundi hapa. Miguu ikifunguliwa, kilichobaki ni boksi lenye unene wa sentimita 14, na hilo linapita kwa ubavu katika mlango wowote wa sentimita 80. Aliyeunga miguu kwa gundi atahama parseli (kiwanja anachoishi) na kuiacha meza.

Sakafu ya shimo

Pigilia vishikizo vya milimita 30 kwa 30 kuzunguka upande wa chini wa ukuta wa ndani, na uongeze vitatu vinavyokatiza upana, vikitenganishwa kwa sentimita 38. Kata plaiwudi ya milimita 12 ikiwa ndogo kuliko shimo kwa milimita 5 kila upande, kwa sababu kitambaa nacho kina unene. Tandaza juu yake kitambaa kizito cha felti, kizungushe hadi chini, ukivute kiasi na ukibane kwa pini za stepla upande usioonekana. Chagua kijivu au kijani iliyoiva. Dadu nyekundu hupotea kwenye kitambaa chekundu, na dadu nyeusi kwenye cheusi. Shusha sakafu mahali pake bila gundi. Siku soda itakapomwagika, utaitoa, utabadilisha kitambaa na kuirudisha.

Miraba isichorwe kwenye kitambaa. Laza ramani yako, kisha juu yake weka karatasi ngumu ya plastiki angavu, ambayo huandikika kwa kalamu ya maji na kupanguswa.

Ukingo

Vitabu vya useremala hupenda kona za ukingo zikatwe kwa nyuzi 45. Kwa hapa kwetu sishauri. Ubao unapopanuka kwa upana na si kwa urefu, pembe ya mkato hubadilika, na kufikia Septemba utaona ufa wa pembetatu kwenye kila kona. Acha vipande virefu vya 1840 vipite moja kwa moja hadi mwisho, na vile vifupi vya 950 viingie kati yake. Mwisho wa ubao utaonekana, na ukipigwa msasa vizuri si aibu.

Funga ukingo kutoka chini, kwa skrubu zinazopita kwenye vipande vya kutenganisha vilivyomo katika mwanya. Matundu kwenye vipande hivyo yawe marefu kidogo kama yai, yakielekea upande wa upana wa ukingo, ili ubao upate pa kwenda. Viringisha kingo zote zinazogusana na mkono.

Usitoboe ukingo kwa ajili ya glasi. Tundu la glasi huonekana zuri hadi siku ya chakula, wakati kila mtu anakuwa na sahani na tundu linajaa mchuzi. Chupa kubwa ya bia ya Simba itakaa vizuri zaidi kwenye kishikio cha chuma kinachoning'inia chini ya ukingo, nje ya fremu, ambako ikianguka haiangukii ramani.

Upande mmoja mfupi ni wa msimamizi wa mchezo. Kati ya miguu anapata sentimita 97, na hapo kizuizi chake cha kuficha siri, vitabu viwili na karatasi vinaenea. Mfungie chini ya fremu kirafu chembamba cha plaiwudi iliyosalia. Wachezaji hukaa wawili kila upande mrefu na mmoja mwisho. Watatu upande mmoja wanawezekana, lakini watabanana.

Vifuniko

Nafasi ya vifuniko ni milimita 1560 kwa 950. Kata vifuniko vinne kutoka plaiwudi ya milimita 18, kila kimoja 388 kwa 948, nyuzi za uso zikifuata urefu. Vyote vinne vinatoka kwenye plaiwudi moja. Bandika kwenye ngazi utepe wa felti wa milimita 2, ili kifuniko kilingane na ukingo na kisigonge. Kila kimoja kitakuwa na uzito wa kilo 4 hivi, mtoto wa miaka kumi anaweza kukiinua. Toboa tundu la kidole kwenye kifuniko kimoja tu. Kikitoka hicho, vingine vinashikika kwa ubavu.

Mianya kati ya vifuniko hupitisha mchuzi. Wakati wa chakula tandika nailoni ya meza juu ya vyote, na sufuria ya moto iwekwe juu ya kitu kingine, kamwe isiguse vanishi.

Taa

Mzunguko wa shimo ni mita 4.9, na utepe wa taa za LED huuzwa kwa mita 5. Chagua ule wa volti 12 unaotumia wati 4.8 kwa mita: jumla ni wati 24, sawa na ampea 2. Mchezo wa saa tano unatumia ampea-saa 10, na kwa kuwa betri ya risasi haipaswi kushushwa chini ya nusu, betri ya ampea-saa 20 ndiyo inayofaa. Hivyo umeme ukikatika katikati ya vita, ni taa ya dari tu inayozimika. Weka fyuzi ya ampea 3 karibu na betri, na betri yenyewe ikae chini karibu na mguu, ndani ya kasha lenye matundu ya hewa. Bandika utepe kwenye ukuta wa ndani, chini kidogo ya ngazi, na mbele yake pigilia kijiti cha kuufunika, la sivyo taa za upande wa pili zitakuchoma macho. Umeme wa volti 220 usiingizwe kabisa katika meza inayowekewa vinywaji.

Skrini ya televisheni ndani ya shimo inawezekana, lakini inakula kina chote na inaogopa dadu za chuma.

Kumalizia

Piga msasa namba 80, kisha 120, kisha 180, daima kwa kufuata nyuzi. Vifuniko vipakwe vanishi ya poliuretani mara tatu, juu, chini na pembeni, kwa msasa wa 240 kati ya mpako na mpako. Upande mmoja ukiachwa bila vanishi, kifuniko kitapinda. Ukingo wa mulombwa unapendeza zaidi kwa mafuta ya kitani, ambayo hurekebishwa kwa kupaka tena palipochubuka. Matambara yaliyolowa mafuta hayo yaanikwe nje yakiwa yametandazwa, kwa sababu yakikunjwa na kurundikwa hupata joto na kuwaka yenyewe.

Mvua zikishaendelea kwa mwezi mmoja au miwili, zikaze tena nati za miguu, kisha ujaribu kuviinua vifuniko vyote. Kinachobana kipunguzwe kwa randa milimita moja upande unaogusa ukingo, na sehemu iliyokatwa ipakwe vanishi siku hiyohiyo.